Mwenzetu Mnepali amevunjika mgongo: je, kuna makazi ya bure ya kumtunza na kumrudishia uwezo?

«Tuko kumi na mmoja, Wakenya na Watanzania, tunafanya kazi ya ujenzi Doha. Mwenzetu kutoka Nepal, miaka 29, alianguka kutoka jukwaa la mafundi, ghorofa ya pili. Alipasuliwa hapa, akawekewa vyuma mgongoni, na baada ya wiki sita akarudishwa Kathmandu. Mikono ni mizima, miguu haisikii wala haitikisiki, na mkojo unatoka kwa mpira. Hospitali ya huko imempa ruhusa, imesema haina zaidi cha kumfanyia. Kwao ni Dolakha, milimani, ana mke, watoto wawili na mama mzee. Sasa hivi yeye na mkewe wanalala chumba cha kupanga karibu na hospitali, na fedha zinakwisha. Mkewe anasema ametokwa na kidonda juu ya makalio, ukubwa wa sarafu. Kati yetu mmoja anasema Nepal maskini hutibiwa bure. Mwingine kasikia kuna nyumba za hisani zinazompokea mgonjwa mpaka atembee. Wengine wanataka tuchange apelekwe India apasuliwe tena. Tumeshakusanya riyali 6,400. Tuanzie wapi?»

Poleni sana, na hongereni kwa kutomwacha mwenzenu. Mnachouliza ni mambo mawili: kama kuna mahali atakapopokelewa bila kulipa, na kama mchango wenu uende kwenye upasuaji mwingine. Nitayajibu yote mawili, lakini naanza na jambo ulilolitaja kwa sentensi moja tu, kidonda cha ukubwa wa sarafu. Hicho ni cha kushughulikia leo, kabla ya makazi na kabla ya habari za India.

Mtu mwenye hisia akikaa vibaya, ngozi humsumbua mpaka asogee, na hata usingizini hujigeuza bila kujua. Ngozi ya mwenzenu imenyamaza. Uzito wa mwili unaibana nyama kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu inazibika, na nyama iliyokosa damu kwa saa chache huanza kufa. Mara nyingi uharibifu huanzia ndani karibu na mfupa ndipo utokeze nje, kwa hiyo tundu la sarafu juu ya ngozi linaweza kuficha shimo la ukubwa wa yai chini yake. Vidonda hivi vya kulalia, pamoja na maambukizi ya mkojo, ndivyo vinavyowaua watu waliopooza katika nchi zenye uhaba, tena wengi hufa baada ya kuruhusiwa hospitali, wakiwa nyumbani, mbali na macho ya daktari.

Basi mpigieni mkewe. Mgonjwa asilale chali hata kidogo mpaka kidonda kifunge. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kulia kisha kushoto, na simu iwekewe kengele. Asilazwe ubavu kamili, kwa sababu uzito wote utahamia kwenye mfupa wa nyonga na kufungua kidonda kingine. Aegemezwe kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Chini ya vigimbi pawe na mto au blanketi iliyokunjwa ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Pete ya mpira ya kukalia, ile inayouzwa kama dawa ya vidonda, aiache kabisa, maana inakaba damu kuzunguka kidonda. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha kifunikwe kwa shashi safi yenye unyevu. Asitie spiriti wala unga wa vidonge vilivyopondwa. Na ale protini zaidi kuliko alivyozoea. Chakula cha kila siku cha Mnepali ni wali na dengu. Dengu ziongezwe, yaongezwe mayai na maziwa, kwa sababu kidonda hujengwa kwa vitu hivyo. Tena aonwe na muuguzi wa vidonda ndani ya siku mbili tatu, maana kina chake hakijulikani kwa picha ya simu. Akiwa na homa, au kidonda kikinuka, kikiwa cheusi au mfupa ukionekana, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa hilo neno la hospitali, kwamba haina zaidi cha kumfanyia. Aliyelisema ni idara ya upasuaji, na kwa upande wao ni kweli. Ninyi ni watu wa ujenzi, basi fikirieni nguzo ya zege iliyopitishiwa bomba la nyaya. Nguzo ikivunjika, fundi anaweza kuifunga kwa vyuma isimame tena, na nyaya zilizokatika ndani yake zikabaki vilevile. Uti wa mgongo ni nguzo ya pingili, na ndani yake inapita kamba ya neva yenye unene wa kidole kidogo. Vyuma aliwekewa ili pingili zisiteleze na kuiumiza kamba zaidi, na ili aweze kuketishwa mapema bila hatari. Havikuwekwa ili kuiunganisha kamba, na mpaka leo hakuna upasuaji unaofanya hivyo, si Doha, si Kathmandu, si Delhi. Upasuaji wa pili una maana pale tu vyuma vimelegea, pameingia usaha, au kipande cha mfupa kinaibana kamba na hali inazidi kuharibika. Hilo huonekana kwenye picha za MRI au CT na madaktari wa Kathmandu wanaweza kuliona. Familia nyingi za Nepal zimeuza shamba zikavuka mpaka kufuata upasuaji au sindano za seli shina (chembe changa zinazodaiwa kuota upya kuwa neva), zikarudi bila shamba na mgonjwa akiwa vilevile. Mchango wenu usiende huko.

Kuna kipimo kimoja cha kudai. Mtaalamu humpima kwa kidole sehemu ya haja kubwa, kuona kama kuna hisia yoyote au uwezo wa kukaza, kisha humpa herufi A hadi E kwa kipimo kiitwacho ASIA. A maana yake hakuna kinachopita chini ya jeraha. B, C na D maana yake kuna nyaya kadhaa zilizosalimika, na hapo matumaini ya kurudiwa na nguvu fulani ni makubwa zaidi. Sehemu kubwa ya kurudi huko hutokea ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili ya mwanzo. Mwombeni mkewe aulize herufi hiyo na aiandike. Hata ikiwa A, mwanamume wa miaka 29 mwenye mikono mizima anaweza kujivika nguo, kujihamisha kitandani, kuoga, kufanya kazi na kulea watoto wake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Lakini uwezo huo hauji kwa kupumzika. Hufundishwa, na kazi hiyo ya kufundisha ndiyo huduma ya utengamao. Kwa mwenzenu haijaanza bado.

Kuhusu matibabu ya bure, mwenzenu aliyesema hivyo ana nusu ya ukweli. Katiba ya Nepal ya 2015 inampa kila raia haki ya huduma za msingi za afya bila malipo, na vituo vya vijijini hutoa dawa za kawaida bure. Utengamao wa mgongo haumo katika kapu hilo. Kwa magonjwa mazito kuna mpango wa serikali wa matibabu ya raia wasiojiweza, unaoitwa Bipanna Nagarik, unaolipa hadi rupia 100,000 kwa maradhi yaliyotajwa, na jeraha la uti wa mgongo limo, pamoja na saratani, moyo, figo na jeraha la kichwa. Laki hiyo (Wanepali nao husema «lakh») ni chini ya riyali 3,000. Haitolewi mkononi; hospitali iliyoorodheshwa huikata kwenye bili. Kuna pia bima ya afya ya taifa, ambayo familia ya watu watano imekuwa ikilipia rupia 3,500 kwa mwaka.

Kinachoimaliza familia ni kile ambacho hakuna mfuko unaokilipa. Katika hospitali za Nepal mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na mtu wake, wanamwita *kuruwa*, sawa na muuguzaji kwetu, yule ndugu anayelala chini ya kitanda, anayekimbilia dawa dirishani, anayemwaga mkojo, anayenunua chakula. Muuguzaji huyo ameacha shamba na watoto milimani, anakula mjini na kulala kwa kukodi, na kwa mgonjwa wa mgongo hukaa miezi. Wengi wanaokatisha matibabu Nepal hawakushindwa na bili ya daktari. Walishindwa na chakula, chumba na nauli.

Kwa hiyo mahali pa bure panapomfaa mwenzenu ni pale panapompokea yeye pamoja na mkewe, na panapomfundisha mkewe kazi. Kituo cha kwanza kuulizia ni kile cha majeraha ya uti wa mgongo kilichoko Sanga, kilomita 20 hivi mashariki ya Kathmandu, mlimani penye sanamu kubwa ya Shiva, mungu wa Kihindu, inayoonekana kutoka barabarani. Kilianza 2002, na nyuma yake yupo mwandishi wa habari Kanak Mani Dixit, ambaye yeye mwenyewe aliumia mgongo alipoanguka akitembea milimani. Baada ya tetemeko la 25 Aprili 2015, lililojeruhi zaidi ya watu 22,000, kituo hicho kilicholenga wagonjwa hamsini na ushee kililazimika kuhudumia zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na uzoefu wa kumwandaa mtu arudi kwenye nyumba ya mlimani umejengeka hapo. Tena Sanga iko kwenye barabara ileile ya kwenda Dolakha, hivyo mama mzee na watoto wanaweza kufika bila kuingia Kathmandu. Si bure kwa kila mtu: mwenye uwezo hulipa, asiye na uwezo hupimwa hali yake na kupunguziwa au kubebwa na fedha za hisani. Njia ya pili ni hospitali ya Green Pastures mjini Pokhara, iliyoanza 1957 kwa ajili ya wenye ukoma na sasa inapokea pia majeraha ya mgongo. Ni nzuri, ila iko magharibi, upande wa pili kabisa wa Dolakha. (Kwa msomaji mwenye mgonjwa wa aina nyingine: watoto wenye ulemavu wa viungo wana hospitali yao Banepa, makovu ya moto yaliyokunja viungo hurekebishwa katika hospitali ya Sushma Koirala huko Sankhu, na ukoma hutibiwa Anandaban, kusini ya Lalitpur.)

Zile nyumba za hisani mlizosikia zipo kweli, nyingi zikiwa Kathmandu. Humpa mgonjwa maskini na mtu wake kitanda, chakula na usafiri wa kwenda kliniki. Kwa anayesubiri mionzi ya saratani, dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine figo zikishindwa) au kubadilishiwa bendeji za moto, ni msaada mkubwa. Kwa mtu aliyepooza karibuni zinafaa tu kama hapo ndani kuna wa kumgeuza usiku. Na hakuna nyumba ya kweli inayoahidi kumweka mtu «mpaka atembee». Kwa aliyepooza miguu peke yake, utengamao wa mwanzo huchukua miezi miwili hadi mitatu. Akiuguza vidonda, huongezeka. Anayeahidi zaidi ya hapo bila kumpima anawauzia matumaini.

Kabla ya kukubali nyumba yoyote, mkewe aulize maswali machache, na majibu yatajieleza. Nani humgeuza mgonjwa saa nane usiku? Wangapi waliomo sasa wana vidonda, na vilianza kabla au baada ya kuingia? Mtaalamu wa mazoezi tiba huja mara ngapi kwa wiki? Nitafundishwa kumtoa mkojo, au mtanifanyia ninyi? Siku ya kutoka hupangwaje? Nyumba inayopanga siku ya kutoka tangu wiki ya kwanza ni nyumba inayofanya kazi. Nyumba ambayo wagonjwa wamelala safu, redio inaimba, na uongozi una haraka ya kumpiga mgonjwa picha za kuombea misaada, aondoke.

Mlango wa kuingilia ni hospitali ileile iliyompa ruhusa. Hospitali kubwa za serikali zina kitengo cha ustawi, *Samajik Sewa Ekai*, kilichowekwa mahsusi kwa maskini, wasio na ndugu, wenye ulemavu na wazee. Ndicho kinachopunguza bili na kuandika rufaa kwenda vituo kama Sanga. Wengi hawakijui na hupita mlangoni pake kila siku. Mkewe aende asubuhi na karatasi nne: cheti cha uraia (*nagarikta*), ripoti ya hospitali ya Doha pamoja na CD ya picha, ripoti ya Kathmandu, na barua ya utambulisho wa umaskini kutoka ofisi ya kata yao, iitwayo *sifaris*. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokwamisha watu, maana hutolewa Dolakha na si Kathmandu. Ndugu aliyeko kijijini aifuate yeye, mke asimwache mgonjwa.

Na ndugu huyo akiwa kata, asirudi na barua moja. Aanzishe hapo hapo maombi ya kitambulisho cha ulemavu. Nepal ina vya rangi nne, na aliyepooza miguu anapaswa kupimwa kwa ajili ya chekundu au cha bluu, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vyenye posho: tangu bajeti ya 2021, rupia 3,990 kwa mwezi kwa chekundu na 2,128 kwa cha bluu. Aulizie pia fedha ya dawa ya rupia 5,000 kwa mwezi iliyowekwa kwa wenye saratani, wanaosafishwa au waliopandikizwa figo, na waliopooza kwa jeraha la uti wa mgongo. Huchelewa kulipwa mara nyingi, lakini asiyejiandikisha hapati kabisa.

Kati ya yote atakayofundishwa kituoni, ninalotaka mlielewe ninyi mlio mbali ni la mkojo, kwa sababu ndilo linaloachwa. Neva zinazokiambia kibofu kijae na kimwage zimekatika. Mkojo ukibaki ndani, kibofu hutanuka, mkojo hurudi juu kwenye figo, na bakteria huzaliana. Ule mpira wa kudumu alio nao sasa ni wa hospitalini. Ukikaa miezi huleta maambukizi, mawe, na kwa wanaume vidonda vya njia ya mkojo. Kinachofundishwa ni kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne hadi sita. Ananawa mikono kwa sabuni, anaosha uume, anaupaka mpira jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, si mafuta wala vaselini, anauingiza taratibu akiuinua uume kuelekea tumboni, anasubiri mkojo uishe wote, kisha anautoa. Kila mara utoke usiozidi mililita 500. Ukizidi, apunguze muda wa kusubiri, asipunguze maji. Maji yawe kama lita mbili kwa siku, yaliyogawanywa, na yapungue baada ya chakula cha jioni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona aibu, au wako safarini kwenye basi, wanaacha kunywa maji. Mkojo unakuwa mzito, bakteria wanakaa, na baada ya wiki moja homa inapanda. Mipira ya kutumia mara moja ndiyo bora. Pale isipopatikana, muuguzi wa kituo atawaonesha jinsi ya kuiosha kwa sabuni, kuisuuza, kuikausha na kuihifadhi, na itupwe ikikakamaa au kubadilika rangi. Mpaka afundishwe, asiung'oe mpira alio nao, na ajue tarehe ya kuubadilisha. Wa lateksi haupaswi kupita wiki nne.

Haja kubwa nayo ina ratiba yake: saa ileile kila siku au siku moja baada ya nyingine, nusu saa baada ya kula, wakati utumbo unapoamka wenyewe. Atafundishwa.

Kiti cha magurudumu asinunuliwe dukani kwa haraka. Kile cha hospitali, kizito chenye kitambaa kinachobonyea katikati, hukunja nyonga na kutoboa makalio. Kiti kipimwe upana wa nyonga zake, na mto wa kukalia ni wa lazima kuliko kiti chenyewe. Akikaa, kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele mpaka kifua kikaribie magoti, kwa dakika mbili hivi, damu irudi makalioni. Barabara za Dolakha ni mawe na matope, kwa hiyo aulizie kiti chenye gurudumu kubwa la mbele.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za milimani huko zina ghorofa ya chini ya mifugo na vitu, watu wakilala juu kwa ngazi ya mbao. Yeye atahitaji chumba cha chini, kilichosafishwa na kukaushwa, mlango wa sentimita 80 au zaidi. Njia ya mteremko hujengwa kwa uwiano wa moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 30 kinataka mteremko wa mita 3.6, na hili ninyi mnaweza kulichora kwenye karatasi na kumtumia fundi wa kijijini. Choo cha kuchuchumaa kinatatuliwa kwa kiti cha mbao chenye tundu, kilichowekewa sponji na kufunikwa plastiki. Na moto! Baridi ikishuka, familia yote huketi kuzunguka mekoni. Miguu yake haitahisi. Inaweza kuungua mpaka mfupani huku yeye akizungumza na kucheka. Akae mita moja na nusu kutoka motoni, soksi nene, na chupa ya maji ya moto isiwekwe kitandani kwake kamwe. Safari ya kurudi ipangwe nje ya miezi ya masika yao, Juni hadi Septemba, maporomoko yanapofunga barabara.

Kabla ya kuzungumzia riyali zenu 6,400, kuna fedha ambazo ni haki yake. Sheria ya Kazi ya Qatar, namba 14 ya 2004, inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya aliyeumia kazini, alipe mshahara kamili kwa muda wa matibabu hadi miezi sita, kisha nusu mpaka apone au ulemavu wa kudumu uthibitishwe, na fidia ya ulemavu huo hulipwa kwa asilimia iliyoandikwa na madaktari. Kurudishwa kwao baada ya wiki sita hakufuti deni hilo. Ubalozi wa Nepal ulioko Doha ndio wa kuliongoza, na mwenzenu aandike hati ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu mtu mwingine adai kwa niaba yake. Msidai kwa jina lake bila hati. Ninyi mna kitu kimoja ambacho yeye hana: mliona. Andikeni sasa tarehe, saa, mahali, na hali ya jukwaa, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Huko kwao, kama alisafiri na kibali halali cha kazi, Bodi ya Ajira ya Nje ya Nepal ina mfuko wa ustawi unaosaidia waliolemaa, na ile bima aliyokata kabla ya kuondoka inaweza kulipa pia. Madai yote haya yana mwisho wa muda. Yafunguliwe mwezi huu.

Mchango wenu ningeugawa hivi: theluthi moja kumlisha na kumlaza mkewe katika miezi ya utengamao, theluthi moja kwa mteremko, choo na chumba cha chini, na theluthi ya mwisho akiba ya kidonda, mipira ya mkojo na gari la dharura. Utumeni kwenye akaunti ya mke, kidogo kidogo kila mwezi. Kijana wa Nepal aliyekwenda Ghuba mara nyingi ana deni la safari kwa mkopeshaji wa kijijini, na fedha zikifika kwa mkupuo, mkopeshaji hufika siku hiyo hiyo. Mkitaka badala yake kukipa kituo au shirika fedha, ulizeni usajili wake kwa Samaj Kalyan Parishad, baraza la serikali ambalo mashirika yanayopokea fedha za nje hupaswa kuwa chini yake.

Ziko dalili ambazo mkewe asisubiri ushauri wa simu, aende hospitali: homa yenye kutetemeka, mkojo uliokoma kutoka au wenye damu, mguu mmoja uliovimba na kuwa na joto kuliko mwingine, maana damu huganda kwenye miguu isiyotembea na donge likisafiri hadi mapafuni huua, na pia kukosa pumzi ghafla. Na kama jeraha liko usawa wa kifua au juu zaidi, kichwa kuuma ghafla kwa kugonga huku uso ukitoka jasho ni presha inayopanda kwa sababu ya kitu kilichoziba chini. Aketishwe wima, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe kama umejikunja, na wakati huo huo gari liitwe. Akisema hataki kuishi, hiyo nayo ni dharura, na katika miezi ya kwanza hutokea kwa watu imara kabisa. Asiachwe peke yake, na mpigieni kila siku, mmoja wenu kwa zamu.

Mkipiga leo, mwombeni mkewe akipime kidonda kwa rula, urefu na upana, apige picha rula ikiwa pembeni, na aandike tarehe. Arudie kila Jumamosi, siku yao ya mapumziko. Kikiwa hakijapungua baada ya Jumamosi mbili, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa vidonda hata kama Sanga hawajajibu.